Bonsai ya msindano kutoka kitaluni: mwongozo kamili kwa aliyekwisha kukausha mmoja au miwili

Msindano ukifa haukuambii siku hiyohiyo. Unaukata mizizi Jumamosi, unaupanda kwenye chungu kizuri, unaupiga picha, na wiki ya tatu bado ni wa kijani kama ulivyotoka kitaluni. Wiki ya sita sindano zinapauka. Ya nane zina rangi ya nyasi za Agosti. Hapo ndipo mwenye mti ananiandikia: "Kaka, ulikuwa unaendelea vizuri, umekauka ghafla."

Haukukauka ghafla. Ulikufa Jumamosi ile.

Ujumbe wa namna hiyo nimepokea mara nyingi mno, na nikiuliza maswali mawili matatu nakuta makosa ni yaleyale: udongo wote ulioshwa kwa maji ya bomba, matawi na mizizi vilikatwa siku moja, kisha mti ukaenda kukaa sebuleni karibu na televisheni. Kwa hiyo naandika hapa hatua zote za kuugeuza msindano wa kitaluni kuwa bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo kwenye chungu, pamoja na sababu zake. Zinachukua miaka mitatu. Mwenye haraka atafute fikasi, mti wa jamii ya mkuyu; ile inavumilia mengi.

## Kabla hujatoka nyumbani

Mti ninaouzungumzia ni Pinus patula, ule uliojaa msitu wa kupandwa wa Sao Hill, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na kwenye mashamba ya watu kuanzia Mufindi hadi Njombe. Ni mti wa baridi. Kenya unapatikana nyanda za juu, na Tanzania ya kaskazini utaukuta Lushoto na maeneo ya milimani.

Aliye Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar asijisumbue nao. Atumie mvinje. Mvinje si ndugu wa msindano, lakini kwa macho unafanana nao, joto na chumvi ndiyo kwao, na unachipua hata kwenye tawi lililo uchi ambalo msindano ungelisusia. Hatua nyingi za hapa zitamfaa.

Jambo lingine la kukubali mapema: sindano za patula ni ndefu, sentimita 15 hadi 25, na zinaning'inia. Ukitaka kibonsai cha kukaa kiganjani, kitafanana na ufagio uliosimamishwa. Panga mti wa sentimita 60 hadi 80 kwenda juu, wenye shina la kuonekana. Hapo sindano ndefu zinageuka kuwa pambo.

## Vifaa

- Mkasi mkali wa kupogolea, na kisu.
- Plaizi yenye meno ya kukatia waya.
- Vijiti vya mishikaki, vitano au sita. Hivi ndivyo utakavyovitumia kuliko kitu kingine chochote.
- Waya wa shaba. Mwombe fundi umeme vipande vya waya wa nyumba, namba 1.5 na 2.5. Menya plastiki kwa kisu kwanza (usiichome, moshi wake ni sumu), kisha weka shaba tupu kwenye makaa hadi iive wekundu hafifu, uiache ipoe. Ikipoa inalainika na kukunjika kama uzi mnene. Ukiikunja inakaza tena, kwa hiyo usiichezee kabla ya kazi.
- Kasha la mbao la sentimita 30 kwa 25, kina 12. Mbao za tenga la nyanya zinatosha. Toboa matundu mengi chini.
- Wavu wa plastiki wa dirishani, wa kufunika matundu.
- Chekeche mbili: ya mchanga wa ujenzi, na nyingine yenye matundu madogo zaidi, ya milimita 3 hivi.
- Mafuta ya kula kidogo. Utajua kwa nini.

## Udongo

Udongo wa bustani, hata uwe mweusi na mzuri namna gani, ukiuweka kwenye kasha la kina kifupi unashikana, hewa inakosa njia, na mizizi ya msindano inaoza. Tunachotaka ni chembe chembe.

Changanya hivi: sehemu mbili za mawe mepesi ya volkano yenye vitundu (yako maeneo ya Mbeya na Rungwe, na Kenya upande wa Naivasha), sehemu moja ya mchanga mkavu wenye chembe kubwa, na sehemu moja ya udongo wa juu kutoka chini ya misindano mikubwa, pale sindano zilipooza. Vyote vipite kwenye chekeche. Tunachukua chembe za milimita 3 hadi 6, vumbi tunamwaga.

Huna mawe ya volkano? Ponda matofali ya kuchoma. Lakini yajaribu kwanza, maana matofali yetu mengi hayajaiva: loweka kipande usiku kucha, asubuhi kisugue kwa vidole. Kikigeuka tope, tafuta tanuri jingine.

Ile sehemu ya udongo wa msituni usiiruke. Mizizi ya msindano inaishi kwa kushirikiana na ukungu mweupe wa ardhini: ukungu unaivutia maji na madini, mti unaulipa kwa sukari. Wenye vitalu wanalijua hili, ndiyo maana huchota udongo chini ya misindano ya zamani na kuuchanganya na wa viriba (vifuko vya plastiki vya kukuzia miche). Bila huo miche inadumaa na kuwa ya njano.

Jaribio: jaza udongo wako kwenye kopo lililotobolewa, mwaga maji juu. Yakituama, chekecha upya.

## Hatua ya 1: Kuchagua mche (Aprili au Mei)

Usiende Desemba. Wakati huo watu wanagombania miche ya kupanda na utakachokuta ni vijiti vya sentimita 25, vyembamba kama penseli. Nenda msimu wa kupanda ukishapita, uulize iliyobaki. Kila kitalu kina kona yake ya miche iliyopitiliza, ya miaka miwili au mitatu, ambayo hakuna mkulima wa mbao anayeitaka.

Mzee mmoja wa kitaluni aliushika mche niliouchagua, akaugeuza, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, huu umepinda. Hautatoa mbao." Nikamwambia ndio huohuo ninaoutaka. Akanipunguzia bei, nadhani kwa kunionea huruma.

Angalia mambo haya:

Shina. Liwe nene kama kidole gumba pale chini na lipungue kadiri linavyopanda. Lenye kona ni bora kuliko lililonyooka.

Matawi ya chini. Lazima kuwe na tawi hai lenye sindano ndani ya sentimita 15 za kwanza. Bila hilo utakuwa na nguzo yenye kichaka juu.

Mzizi. Sukuma shina taratibu kwa kidole. Likicheza kama bawaba huku udongo umetulia, mzizi mkuu ulikunjwa kama ndoano siku mche ulipohamishwa kutoka tutani. Uache.

Onyo: miche ya siku nyingi huwa imeshapenyeza mizizi kupitia chini ya kiriba hadi ardhini. Usiing'oe kwa nguvu. Mwombe mwenye kitalu apitishe panga chini yake, uilipie, uiache palepale mwezi mmoja ndipo urudi kuichukua. Mwezi huo mmoja umeokoa miti yangu mingi kuliko mbolea yoyote.

## Hatua ya 2: Kuutuliza (wiki 6)

Uweke nje, kwenye jua, ndani ya kiriba chake, juu ya tofali au meza ili mchwa wasiufikie. Mwagilia udongo wa juu unapokauka. Hakuna kingine.

Umefanikiwa ukiona ncha za matawi zina kijani kibichi, cheupecheupe. Mti unaokua una akiba ya kulipia majeraha utakayouletea.

Na sebuleni hapana. Hata dirishani hapana. Msindano ni mti wa jua la wazi.

## Hatua ya 3: Kutafuta shingo ya mti

Miche mingi huwa imefukiwa zaidi ya inavyostahili. Chukua kijiti cha mshikaki, kwangua udongo wa juu polepole hadi ukutane na mizizi minene ya kwanza inayotawanyika. Mara nyingi iko sentimita 2 hadi 4 chini. Hapo ndipo shina linapoanza kweli, na mara nyingi utakuta ni nene kuliko ulivyodhani.

Zungusha kiriba, tazama mti kutoka kila upande kwa usawa wa macho, si kutoka juu. Upande ambao mizizi inaonekana imeshika ardhi na shina linakuelekea kidogo, huo ndio uso wa mti. Utie alama kwa kuchomeka kijiti. Rudishia udongo kiasi cha sentimita moja, mizizi isikauke.

## Hatua ya 4: Kupogoa (Juni au Julai)

Miezi ya baridi mti umepunguza mbio na utomvu hautoki kwa wingi. Ndiyo nafasi yako.

Shika sheria moja hata ukisahau nyingine zote: tawi la msindano lililoachwa bila sindano ni kuni. Machipukizi mapya hutoka pale sindano zilipo. Ukifyeka tawi hadi sehemu iliyo uchi, kwa matumaini kwamba litachipua kama mpera, litakauka hadi kwenye shina. Kwa hiyo unapofupisha tawi, acha angalau vichane kumi vya sindano, yaani vifungu vya sindano zinazotoka pamoja.

Kisha:

1. Tazama mahali matawi yanapotoka kwa pamoja kuzunguka shina, manne au matano kwa wakati mmoja. Bakiza moja, mawili kwa wingi. Ukiyaacha yote, sehemu hiyo itavimba kama goti na haitarudi.
2. Ondoa matawi yanayotoka ndani ya kona ya shina. Yanayotoka nje ya kona ndiyo yanayopendeza.
3. Kileleni, kata hadi kwenye tawi dogo linaloweza kushika uongozi, ulisimamishe kwa kamba. Ila kama shina bado jembamba, usikate kilele mwaka huu. Kiache kirefuke; shina linenepe kwanza.
4. Simama ukishatoa theluthi ya kijani. Hapa mkono huwa unawasha. Weka mkasi chini, kanywe chai.

Tawi nene unaloliondoa si lazima ulikate likiwa sawasawa na shina. Acha kisiki cha sentimita 3, menya gome lake kwa plaizi. Kitakauka na kuwa cheupe kama mfupa, na mti wa miaka mitatu utaonekana umepigwa na radi zamani sana. Kimoja kinatosha. Vitano ni maonyesho.

Mikono yako sasa imegandiana kwa utomvu. Sabuni haifui kitu: paka mafuta ya kula, sugua, ndipo unawe kwa sabuni. Mkasi vilevile.

Kwa walio Njombe na Makete: msimu wa asubuhi zenye barafu, usiku weka mti chini ya varanda.

## Hatua ya 5: Kufunga waya (wiki mbili baadaye)

Usimwagilie siku moja kabla. Tawi lenye kiu kidogo linakunjika, lililoshiba linavunjika.

Chagua waya wenye unene wa theluthi moja ya tawi. Waya mmoja ufunge matawi mawili yaliyo jirani, ukipita kwenye shina katikati yao, ili kila tawi liwe nanga ya mwenzake. Zungusha kwa mshazari, karibu na gome lakini bila kulibana, na usizibe sindano ndani ya waya.

Ukimaliza kufunga ndipo unakunja. Vidole gumba viwili nyuma ya kona, polepole, kidogo kidogo. Ukisikia "ta!" acha hapohapo. Funga ufa kwa utepe uliokatwa kwenye kiriba cha plastiki na uuache miezi minne. Mara nyingi unaunga.

Shusha matawi chini zaidi kuliko unavyodhani inafaa. Mti mzee milimani matawi yake yanaelemewa. Kijana ndiye anayenyoosha mikono juu.

Onyo kubwa liko mbele: mvua zikianza patula unanenepa haraka. Kagua waya kila wiki mbili kuanzia Desemba. Mwaka mmoja nilisafiri sikukuu, nikarudi mwishoni mwa Februari, nikakuta shina limeumwa na waya kuzunguka kama parafujo. Makovu yale yapo hadi leo. Na unapoutoa usiufungue kwa kuzungusha. Ukate vipande kwa plaizi.

## Hatua ya 6: Kuuacha

Mti unabaki kwenye kiriba msimu mzima wa mvua. Mpe samadi iliyooza vizuri, konzi moja kwa mwezi, au punje chache za mbolea ya NPK pembezoni mwa kiriba. Hii ndiyo hatua rahisi na ndiyo inayowashinda watu wengi.

## Hatua ya 7: Mizizi (Agosti mwishoni au Septemba, mwaka wa pili)

Misindano yote ninayoletewa picha zake imefia hapa, kwa hiyo soma yote kabla hujashika kisu.

Wakati. Baridi imeisha, machipukizi ya ncha yameanza kuvimba na kusimama kama vimishumaa lakini hayajafungua sindano. Wakati huo mti una nguvu ya kutoa mizizi mipya. Kwenu mnaopata vuli na masika, kama Lushoto au Limuru, subirini mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Tazama mti, kalenda baadaye.

Andaa kasha kwanza. Wavu chini, waya mbili za kufungia zikiwa zimepitishwa kwenye matundu zikingoja, tabaka la udongo la sentimita 3 lenye kilima kidogo katikati. Kila kitu kiwe tayari kivulini, pasipo na upepo. Mizizi midogo ikipigwa na jua na upepo haimalizi dakika nyingi. Kuwa na chupa ya kunyunyizia.

Pasua kiriba kwa kisu, usivute mti. Sasa nusa. Kama kuna harufu ya uyoga na unaona nyuzi nyeupe zimetanda kama utando wa buibui kati ya udongo na mizizi, umepata mti mzima. Nyuzi hizo ndizo watu wanazoziosha wakidhani ni ugonjwa.

Gawa bonge kwa macho, nusu kwa nusu, kama unavyogawa chapati. Nusu moja utaifanyia kazi leo. Nyingine huigusi, isipokuwa kuikata chini kama nitakavyoeleza sasa hivi, na kuchokoa sentimita moja ya pembeni mizizi iliyojizungusha. Hii ndiyo siri yote. Nusu iliyobaki na udongo wake wa zamani inaendelea kunywesha mti wakati nusu nyingine inajenga upya.

Kata theluthi ya chini ya bonge kwa kisu, pamoja na mzizi mkuu. Bonsai inaishi kwa mizizi ya pembeni.

Upande wa kazi: tumia kijiti cha mshikaki, anzia karibu na shina kwenda nje, kama unavyochana nywele za mtoto. Udongo udondoke wenyewe. Mzizi mnene unaoshuka chini ukate. Mwembamba wenye ndevu nyingi uulaze kuelekea nje. Nyunyizia kila baada ya dakika mbili. Maji ya bomba kwa nguvu, hapana.

Panda. Ketisha mti juu ya kilima, uso ukielekea mbele, sukuma huku na huku hadi ukae. Funga kwa zile waya mbili hadi ukishika shina na kulitikisa, kasha linatikisika nalo. Mti unaocheza hukata kila siku mizizi mipya iliyoota usiku.

Jaza udongo mkavu, uingize kati ya mizizi kwa kijiti, kwa kutikisa. Usishindilie kwa ngumi. Mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe safi.

Piga msumari kwenye kasha upande ambao hukuugusa. Baada ya miaka miwili utaapa kwamba unakumbuka ni upi, na utakuwa umekosea.

Siku hiyo usikate tawi hata moja. Kama uko njia panda kati ya kupogoa na mizizi, chagua kimoja, kingine mwaka ujao.

## Hatua ya 8: Wiki kumi za wasiwasi

Wiki nne za kwanza: jua la asubuhi, kivuli cha mchana, pasipo upepo. Kisha rudisha kwenye jua lote taratibu. Mbolea hapana hadi wiki ya sita.

Kumwagilia kusifuate saa. Chomeka kijiti cha mshikaki sentimita 4 kwenye udongo, subiri dakika kumi, kichomoe. Kikiwa na unyevu, ondoka. Kikiwa kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini.

Dalili njema: vile vimishumaa vinarefuka na kusimama wima. Karibu na wiki ya nane au kumi, inua kasha uchungulie matundu. Ncha nyeupe zikichungulia, mti umeshika.

Dalili mbaya: kijani kinapoteza mng'ao na kuelekea kijivu, vimishumaa vinainama. Kwangua gome kidogo sana kwa kucha; kama chini ni kijani na majimaji, bado kuna uhai. Zidisha kivuli, punguza maji, acha kuusumbua. Usimwage mbolea ya kuokoa na usiuchomoe kuangalia mizizi.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye ncha na chini ya sindano, ni vidukari wa misindano. Mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kila baada ya siku tatu, mara nne.

## Hatua ya 9: Mwaka wa tatu na kuendelea

Sasa unaweza kuanza kuchezea vimishumaa. Vikifika sentimita 3 hadi 5, kabla sindano hazijafunguka, vunja kwa vidole nusu ya kila kilicho na nguvu, hasa vya juu. Vilivyo dhaifu, vya chini na vya ndani, usiviguse. Hivyo nguvu ya mti inashuka kwenda kwenye matawi ya chini.

Utakutana na video za mafundi wa Kijapani wakiondoa kimishumaa chote, na mti unatoa kingine chenye sindano fupi. Wale wanafanya kazi na Pinus thunbergii, msindano mweusi wa Kijapani, tena uliokwisha komaa na kulishwa vizuri. Mimi sijaujaribu mtindo huo kwenye patula mchanga na sikushauri.

Mwezi wa tano ng'oa sindano za zamani zilizogeuka njano ili mwanga uingie ndani. Miaka miwili baada ya kazi ya kwanza ya mizizi, tafuta ule msumari, urudie hatua ya 7 kwenye nusu iliyobaki.

Chungu cha kauri kinakuja baada ya hapo, nusu zote mbili zikishakuwa kwenye udongo mpya na mizizi imejaza kasha. Mti wangu wa kwanza uko mwaka wa tano na bado umo kwenye mbao za tenga la nyanya, zenye maandishi ya mwenye shamba ubavuni. Jirani yangu kila akipita anauliza nitaupanda lini.